Nyumba ya Watoto Iliyozidi Kimo

Mama Juzi aliitwa hivyo kwa sababu kwake hakuna lililopita. Jambo la miaka tisa nyuma angekusimulia kama limetokea juzi, na angekutajia nani alikuwepo na nani alijifanya hayupo. Majirani walimcheka, lakini wakibishana nani alisema nini, walikwenda kumuuliza yeye. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, dirisha lilitazama uani, na kila kilichotendeka kwenye ua ule kilipita mbele ya macho yake.

Kwa hiyo aliona ua ulivyoliwa. Familia nne zilipopanga nyumba ile, palikuwa na uwanja wa nyuma ambao watoto waliweza kukimbia mpaka wakachoka wenyewe. Juzi, yaani mwaka ule kifungua mimba wake alipoota meno, mwenye nyumba alikuja akapasifia mahali pa kufulia. Akasema pana sakafu nzuri, ni dhambi kupaacha bure. Mwezi haukuisha, kuta zikapanda na mpangaji akaingia. Juzi nyingine akaisifia stoo ya majembe na ndoo mbovu. Nayo ikawa chumba. Juzi ya tatu ilikuwa njia ya pembeni, ikazibwa huku na huku, vikapatikana vyumba viwili vyembamba kama bahasha. Na kila mara alianza kwa kusifu. Mtu yule akisema "pazuri", ujue pamekwenda. Ukimpa shubiri huchukua pima, na wapangaji walimpa shubiri kila mwaka, kwa heshima zote, wakimwita mzee na kumpangusia kiti.

Ilibaki kona moja, nyuma ya tangi la maji. Watoto walikuwa wanane, likizo ilikuwa imeanza, na kona ile ilitosha kwa ugomvi tu. Mama Juzi akafikiri hivi: mahali patupu huchukuliwa bila kelele, lakini penye watoto mtu hufikiri mara mbili. Tuwajengee kijumba cha kuchezea pale. Kiwe kidogo, cha mchezo kweli, mwenye nyumba akikiona acheke apite. Siku akitaka kukiondoa, akivunje mchana kweupe, watoto wakimtazama. Mwenye nyumba alipoulizwa alipunga mkono tu: fanyeni mtakavyo huko, ili mradi vioo vyangu vya mbele vipone.

Kazi alipewa shemeji yake, mdogo wa mumewe, seremala. Mumewe mwenyewe aliendesha lori la masafa na nyumbani alionekana kama mwezi mwandamo. Mama Juzi alimweleza shemeji taratibu, hata akamwonyesha kwa mkono: kuta zifike hapa, kifuani, mtu mzima asiweze kusimama humo. Shemeji akasema sawa, sawa, sawa. Hapo ndipo angeshtuka. Mtu akikuitikia sawa mara tatu, hajasikia hata moja.

Kumbe shemeji alikuwa na mlango. Mlango wa mbao ngumu, alioutengeneza wiki mbili nzima kwa mteja aliyekuja kuukataa kwa sababu ya ufa wa kona, ufa ambao ungehitaji miwani kuuona. Mwaka mzima mlango ulisimama karakana ukimtazama, naye akiutazama, kama mchumba aliyerudishiwa barua. Siku ya kwanza ya kazi aliubeba kichwani akauleta. Mama Juzi alikuwa ametoka kununua nyuzi. Aliporudi aliukuta umeshasimamishwa katikati ya kona pamoja na fremu yake, hauna ukuta hata mmoja, na watoto wamepanga foleni wakibisha hodi, wakiingia kutoka nje kwenda nje.

"Shemeji, huu mlango wa nani?"

"Wa watoto."

"Watoto gani, wa twiga?"

Shemeji akamweleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba mlango ndio unaoamuru nyumba. Halafu watoto wanakua. Halafu yeye ana jina lake. Hawezi kuacha mahali kitu ambacho mteja akipita atauliza ni fundi gani huyu. Mama Juzi akamwambia hakuna mteja anayepita nyuma ya tangi la maji. Akamwambia tena kimo. Akamsomea juzi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Shemeji akaitikia kwa kichwa, maana mdomoni alikuwa na misumari.

Kuta zikaufuata mlango. Kila jioni akitoka karakana alipitia na mabaki ya mbao, na kila jioni nyumba ilipanda. Dirisha moja likawa mawili. Sakafu ikapigwa randa mpaka ikawa laini kama kiganja cha karani. Juu yakaja mabati, yamekazwa kiasi kwamba upepo ungeomba ruhusa. Kisha mwalimu mstaafu wa chumba cha pili, bibi aliyefundisha watoto wadogo miaka thelathini, akatokea na makopo ya rangi, akasema ukuta mtupu humpumbaza mtoto. Akapanda juu ya meza akachora wanyama wakubwa kuizunguka nyumba yote kwa ndani, migongo ikikaribia paa, kila mmoja ameuma mkia wa mwenzake. Akachora vizuri, na hilo ndilo lililokuwa balaa. Kila mtu alifanya vizuri. Mmoja akaleta zulia, mwingine akaleta kioo cha kujitazamia.

Na Mama Juzi? Aliwagombeza wote, akaapa hatatia mkono wake. Siku ya tatu yuko kwenye cherehani anashona mapazia ya maua, yenye marinda juu na marinda chini. Alijitukana huku akikanyaga. Alijiambia ni vipande vya kitambaa vilivyobaki, visioze bure. Kujipalia makaa huku unayaona kwamba ni makaa, nacho ni kipaji.

Mwenye nyumba alikuja Jumamosi asubuhi. Watoto walikuwa ndani. Akawatoa kwa kuwapapasa vichwa, mmoja mmoja. Kisha akaingia. Hakuinama. Mama Juzi aliliona hilo kutoka dirishani, na mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Akamwona mzee anainua mkono juu, na mkono haugusi bati. Akamwona anapiga hatua upande huu, anapiga hatua upande ule, anafungua dirisha, analifunga, anausukuma ukuta kwa bega kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akatoka.

"Pazuri," alisema. "Pazuri sana."

Akamgeukia shemeji akamvisha kilemba cha ukoka: mikono kama hii siku hizi hakuna, vijana wa sasa wanalipua tu. Akauliza kama mlango ule unaweza kupokea kufuli. Na shemeji, aliyekaa mwaka mzima bila mtu kuusifu mlango wake, akapiga magoti akamwonyesha kwa kidole kufuli litakaa wapi na bawaba ziongezwe ngapi. Mama Juzi, aliyekwisha shuka uani na uzi bado umo mdomoni, alitamani ardhi ipasuke immeze mtu, na mtu mwenyewe si yeye.

Mzee akaendelea. Kitanda kitakaa kule, meza hapa. Yuko karani mmoja, kijana mstaarabu, anatafuta chumba; atamleta Jumatatu asubuhi. Mama Juzi akauliza, na watoto je? Mzee akamtazama kwa huruma. Watoto hawakosi pa kuchezea, alisema, watoto ni kama kuku. Mama Juzi akasema mbao ni za wapangaji, na kazi ni ya wapangaji, na rangi, na misumari. Mzee hakupandisha hata sauti.

"Mama, kilichosimama kwenye ardhi yangu ni changu. Lakini nawashukuru."

Kupokonywa, mtu huzoea. Vizazi na vizazi vimezoea. Kilichomchoma ni ile shukrani, imetolewa mbele ya watoto wanane waliosimama wameshika viatu vyao mkononi, kwa kuwa mwalimu aliwaambia wasichafue sakafu.

Mzee alipoondoka wakaanza yale yale. Mwalimu akasema iandikwe barua. Mama Juzi akamkumbusha barua ya juzi, ya mahali pa kufulia, iliyosainiwa na watu saba. Alikwenda mwenyewe kuuliza majibu akaikuta imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Shemeji akasema huenda mzee alitania. Mama Juzi alipanda ndani kwake, na watoto wakamsikia akiongea peke yake na sufuria.

Jumapili asubuhi alimwita shemeji, akachukua msumeno kwenye mfuko wake wa vifaa, akamwekea mapajani.

"Kata."

"Nikate nini?"

"Nyumba. Ishushe. Mtu mzima asiweze kusimama humo."

Shemeji akacheka, akadhani ni utani wa mashemeji. Alipoona si utani, alikasirika kweli. Akasema heri aing'oe yote, msumari kwa msumari, kuliko kuikata kata kama muwa. Mama Juzi akamwambia akiing'oa, kona inabaki tupu, na mchukuaji wa patupu wanamjua. Shemeji akasema polepole:

"Shemeji, yule mteja aliukataa mlango wangu nikanyamaza. Leo unataka niukate kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Yule alikwambia hufai. Huyu amekwambia unafaa sana, kisha akachukua. Sasa nani amekudharau zaidi?"

Shemeji akainuka na msumeno, akamwita mtoto aliyewazidi wote urefu, binti wa miaka kumi na mmoja, akamsimamisha kwenye nguzo, akaweka kiganja juu ya kichwa chake na kuchora mstari kwa mkaa.

Kazi iliwala siku nzima. Mabati yakashushwa, nguzo zikakatwa, madirisha yakateremshwa, mbao za juu zikaanguka moja moja. Mstari wa mkaa ulipita katikati ya wanyama wa mwalimu. Bibi wa watu alisimama kando na mikono nyuma, akasema kateni tu, kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Paa liliporudi, ukutani ilibaki safu ya miguu: miguu ya tembo, ya punda, ya kobe, imening'inia kutoka juu bila wenyewe. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Mapazia ya Mama Juzi nayo sasa yalifagia sakafu. Mlango shemeji aliukata mwisho, peke yake, amewapa mgongo, na aliyetaka kumshikia aliambiwa apishe.

Jumatatu mzee alikuja na karani wake, kijana mrefu wa suruali iliyopigwa pasi. Walipozunguka tangi, mzee alisimama ghafla. Karani hakuelewa, yeye aliambiwa kuna chumba, akaona mlango, akauendea. Akainama. Akainama tena. Mwisho akapiga magoti, kichwa kikaingia, makalio yakabaki nje, na ndani sauti ya mtoto ikamuuliza mbona hapigi hodi. Akarudi kinyumenyume akipangusa magoti.

"Mzee, mimi natafuta chumba cha kukaa," alisema. "Hiki nitakivaa."

Mzee hakucheka. Aliuliza ni nani aliyeikata nyumba yake. Mama Juzi akamjibu kwamba ni wote, na kwamba watoto ni wafupi. Mzee akasema basi leo hii ataleta fundi wake, nguzo ziinuliwe zirudi zilivyokuwa. Shemeji, ambaye tangu jana hakumsemesha mtu, alikuwa ameegemea tangi.

"Nguzo iliyokatwa hairefuki," alisema.

Ilibaki kuvunja. Mzee aliweza, sheria ilikuwa yake, na nguvu. Lakini milangoni walisimama watu wa familia nne, mwalimu na brashi mkononi, karani naye hakuondoka, alitaka kuona mwisho wake. Na kwenye madirisha mawili yaliyokuwa karibu na ardhi zilijaa nyuso za watoto, mmoja anatafuna pazia. Mzee alipangusa jasho, akasema, "Nitaona," akaenda zake. Hakuna aliyeshangilia. Mama Juzi alijua "nitaona" ya mtu yule ina maana gani. Alijua atarudi, labda mvua zikiisha, na hapo itabidi watu wale wale wasimame tena milangoni, na nusu yao watakuwa wamesahau kwa nini. Kuwakumbusha ni kazi yake, na kazi hiyo haina likizo.

Alimgeukia shemeji akamkaribisha chakula. Shemeji akasema hana njaa. Alikusanya randa, nyundo na futikamba yake ya kupimia, akatupa mfuko begani. Alikuwa amefika kwenye tangi wakati binti mmoja alipotoa kichwa mlangoni akamwita baba mdogo, akamlalamikia kwamba vikombe vyao havina pa kukaa, vinakanyagwa.

Shemeji alisimama. Akaweka mfuko chini, akapiga magoti, akaingia mpaka kiunoni, viatu vikabaki nje. Wakasikia futikamba ikivutwa huko ndani.

"Rafu niiweke juu au chini?" sauti yake iliuliza.

"Chini," alijibu Mama Juzi, kabla mtoto yeyote hajafungua mdomo.