Tromboni ya Picha

Goodluck hakujua kupiga tromboni, na jambo hilo halikumnyima usingizi hata siku moja. Alijua kuishika. Alijua kuinyanyua ikalingana na kamera, kufumba macho, kukunja uso kama mwenye jino bovu, na kuuvuta ule mkono mrefu wa shaba mbele na nyuma kwa madaha. Ndani ya kipulizio chake, Ignasi, kiongozi wa kundi, alikuwa amesokomeza pamba, kijana asije akajisahau akapuliza kweli na kuwaaibisha watu.

Katika kundi lao la matarumbeta pale Kariakoo, mtu wa namna hiyo aliitwa picha. Mwenye harusi anataka shaba kumi zing'ae kwenye video, na kundi lina wapigaji sita. Zile nne zinabebwa na mapicha, waliochaguliwa kwa mabega na meno. Wenye harusi walikuwa wanaridhika. Baadhi yao walimtunza Goodluck peke yake, wakampita Selina, aliyesimama nyuma yake akipiga kila sauti waliyoisifia.

Selina alimdharau Goodluck kwa moyo wake wote, na alikuwa na sababu. Alianza akiwa na miaka kumi na mmoja, kwenye bendi ya shaba ya usharika wao kule Machame. Wiki sita za kwanza hakupewa hata tromboni. Alipewa kipulizio kitupu, akae nacho akilia kama bata mpaka midomo ishike. Baadaye ndipo akafundishwa nafasi saba za mkono, ambazo hazina alama wala kitufe. Sikio ndilo linalokuambia usimame wapi, na ukikosea kwa upana wa kidole wimbo umeoza. Hata sasa, akiwa na miaka ishirini na minne na chumba ghorofa ya nne Mtaa wa Narung'ombe, kila alfajiri alijaza soksi kwenye mdomo wa chombo, akakielekeza kwenye godoro, akafanya mazoezi saa nzima. Kwa jirani yake, Bi Mauza, hizo soksi hazikusaidia kitu. Aligonga ukuta kwa mwiko.

"We binti! Huyo ng'ombe wako hajafa tu?"

"Shikamoo, Bi Mauza," Selina alijibu, akaendelea.

Akishamaliza kumdharau Goodluck, dharau ilikuwa bado inabaki, akawagawia na wengine. Ignasi alipata fungu lake, kwa sababu alibeba kijiti cha kuongozea bendi na hakujua kusoma nota hata moja. Talha, mpiga tarumbeta, mtoto wa wenye duka la vitambaa, alipata lake pia: alijifunzia kwenye simu, na akipuliza mashavu yanavimba, kama ya mtu asiyefundishwa. Selina hakuwahi kumwambia kitu. Alikuwa anamtazama tu yale mashavu, akitabasamu upande mmoja.

Jumamosi moja walikusanyika kwenye stoo yao, nyuma ya duka la Mzee Kasmir, Mchaga anayeuza sufuria za jumla. Siku hiyo alikuwa anamwoza binti yake, Matilda. Ignasi akapiga makofi.

"Oya, sikilizeni. Leo kuna mgeni. Mwalimu Eliasi, yule wa bendi ya hoteli kubwa ya ufukweni. Anatafuta tromboni moja. Mkataba miaka miwili, mazoezi kila siku, nota mezani."

Selina akaacha kufuta chombo chake. Bendi zenye ajira ya kudumu jijini zinahesabika kwa vidole, na kiti cha tromboni hakiachwi mpaka mwenyewe astaafu au azikwe. Miaka mitatu alikuwa ameingojea nafasi hiyo.

"Bosi, leo nikae mbele mimi," akasema.

"Haiwezekani, Sele. Mzee Kasmir kaona video, anamtaka yule yule wa mbele. Kwani sauti si inasikika popote?"

Goodluck alikuwa anajitazama kwenye shaba ya chombo chake. "Dada, usipaniki. Nikilamba dili sitakusahau. Si utakuwa unanifundisha?"

Wenzao wakacheka. Selina akacheka pia, kicheko kikali kama kisu cha kukatia kamba, na papo hapo akajua atakalofanya.

Kundi lilikuwa na desturi yake. Bibi harusi akifika mlangoni pa ukumbi, shaba zote zinanyamaza, inabaki tromboni moja. Hiyo ndiyo inayompeleka mpaka mezani: hatua mbili, anasimama, hatua mbili, anasimama, akifuata pumzi ya mpigaji. Selina alikuwa amewapeleka maharusi zaidi ya mia kwa namna hiyo, nao wote walidhani wamepelekwa na Goodluck. Leo angekata sauti katikati. Yule punguani angeendelea kuvuta mkono wake kimyakimya mbele ya ukumbi mzima, na Mwalimu Eliasi angejionea mwenyewe nani mpigaji na nani kikaragosi. Aliona ni mpango wa akili sana.

Saa tisa walikuwa Upanga, ndani ya ukumbi. Selina hakumjua mwalimu kwa sura. Akatupa macho meza za mbele, kwenye wazee wenye suti, akajiambia ni mmoja wao.

Milango ikafunguliwa. Matilda akasimama na shela lake, mkono kwenye kiwiko cha baba yake. Shaba zikanyamaza. Selina akavuta pumzi mpaka chini ya mbavu, akapiga mstari wa kwanza, na hajawahi kuupiga vizuri namna ile. Sauti ilitoka nene, laini, ikajaa ukumbi mpaka wapishi wakaja mlangoni. Matilda akaanza kutembea. Hatua mbili, akasimama.

Selina akakiondoa kipulizio mdomoni.

Goodluck akaendelea kuvuta. Alivuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, macho yamefumbwa, uso umejaa hisia. Shangazi mmoja akaangua kicheko, meza yake ikamfuata. Goodluck akafumbua jicho moja, na mkono wake ukaishia hewani. Selina alilitazama lile jicho na akafurahi. Hakuna haja ya kumsitiri: alifurahi sana.

Matilda alikuwa katikati ya ukumbi, hana pa kwenda wala pa kurudi. Alimtazama baba yake. Mzee Kasmir alitazama mbele tu, shingo imekakamaa. Kicheko kikafa.

Ndipo Talha akanyanyua tarumbeta yake. Hakuwa amewahi kuupiga wimbo ule peke yake. Aliuanza chini, polepole, akakosea sauti moja, akairudia, mashavu yamevimba vile vile, na macho yake hayakubanduka kwenye viatu vya Matilda. Hatua mbili, akamngoja. Hatua mbili, akamngoja. Akamfikisha.

Baadaye walikuwa nje getini, Ignasi akifoka mpaka mate yanamruka, alipotokea mwanamume wa makamo mwenye fulana na kandambili, soda mkononi, akitokea kwenye kivuli cha ukuta.

"Mwalimu Eliasi!" Ignasi akabadilika sauti. "Shikamoo, mwalimu. Ulikaa meza gani?"

"Marahaba. Sikuingia. Nikienda kumsikiliza mtu huwa nakaa nje. Nguo na sura vinanichanganya." Akawatazama mmoja mmoja. "Ule mstari wa kwanza wa tromboni umenifanya nisimame. Nani alikuwa anapiga?"

Goodluck alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Selina akasogea mbele, kifua mbele.

"Ni mimi, mwalimu. Siku zote ni mimi. Huyu ni picha tu, hata kupuliza hajui. Kipulizio chake kimejaa pamba, kikague."

"Sina haja nacho. Halafu ikawaje? Chombo kiliharibika?"

Hapo angeweza kusema mkono ulikwama. Mikono ya tromboni hukwama, na mwalimu alikuwa kama anamsogezea kiti. Lakini mtu aliyezoea kuwa na haki huwa hajui kudanganya hata pale uongo unapomfaa.

"Chombo ni kizima," akasema. "Nilinyamaza makusudi, ili uone kwamba yeye hapigi."

"Mimi nilikuwa huku nje, binti. Ningeona nini? Nilisikia bibi harusi akiachwa njiani."

 Selina akageuka kumtafuta Goodluck, kana kwamba yeye angemsaidia.

"Kwa hiyo mpigaji ni wewe," mwalimu akasema taratibu, "na aliyenyamaza ni wewe." Akamalizia soda yake, akamgeukia Ignasi kumuuliza jina la yule aliyempokea bibi harusi kwa tarumbeta.