Kijiko Mbele ya Kisanduku Namba Kumi na Saba

Kwa miaka sita shemeji yangu alikuwa na mzaha mmoja tu, na ulinihusu mimi. Kila tulipokutana mezani kwa dada, nikisogea tu karibu na swichi ya ukutani, alisema, "Jamani, mtoeni Fundi hapo, tusije tukalala nje." Watu walicheka. Dada naye alicheka, kisha akainamia sahani yake. Mimi nilicheka kuliko wote, maana ningenuna wangesema nina hatia.

Mzaha ulitokana na chumba cha mama. Zamani nilifanya kazi kwenye karakana ya huyu shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, ambaye mtaa mzima unamwita Mhandisi na yeye hajawahi kulikataa jina. Tulitengeneza visanduku vya kupunguza umeme: volti ishirini na nne za betri za sola zinaingia upande huu, volti tano za kuchajia simu na kuwashia taa ndogo zinatoka upande ule. Kazi yangu ilikuwa kuzipanga hizo tano. Zinapangwa kwa rezista mbili, vidude vidogo kuliko punje ya mchele. Ukikosea moja, tano inakuwa tisa au kumi, na chochote ulichochomeka kinaungua. Sikuwahi kukosea. Kila bodi, kibao cha ndani kinachobeba vidude hivyo, niliipima mwenyewe, nikaandika juu yake kwa wino mweusi namba yake na volti nilizozisoma.

Kisanduku namba kumi na nane tulimpa mama. Mchana mmoja, mwenyewe akiwa sokoni, kiliwaka moto kikala pazia, kitanda na picha zote za baba. Shemeji alifika kabla yangu, akazoa mabaki akayatupa, kisha akatangaza mbele ya ndugu wote: "Mdogo wetu kakosea rezista. Tumsamehe." Nilimfuata mama nikamwambia si kweli. Akanishika shavu. "Yameisha hayo, mwanangu. Vitu tutatafuta vingine." Miaka miwili baadaye alifariki, akiwa amenisamehe kosa ambalo sikulifanya. Angenichukia ningegombana naye mpaka anielewe. Alinisamehe, na sikuwa na la kufanya. Tangu siku ya mazishi nilikuwa namchukia shemeji kila asubuhi nikipiga mswaki.

Mwezi uliopita kinyozi wa mtaani kwetu aliniletea kisanduku kwenye meza yangu ya ufundi. "Hiki cha miaka mingi, Fundi, lakini siku hizi kinachemka kama pasi. Hebu kitazame."

Nikakifungua. Juu ya bodi nikakuta mwandiko wangu: 17, na chini yake 5.02. Nikaweka mita. Ikasoma tano nukta sifuri mbili. Rezista zangu zilikuwa palepale, hazijaguswa na mtu.

Kilichoongezwa ni kipande cha waya, kifupi kama ukucha. Visanduku vile vilikuwa na ulinzi: mkondo ukizidi, au nyaya za kutolea umeme zikipiga shoti, kisanduku kinajizima, kinasubiri kidogo, kinajaribu tena, na kama hatari bado ipo kinajizima tena. Wateja waliovipa mzigo mkubwa walilalamika kwamba vinazimazima. Nakumbuka shemeji akisema, "Hilo niachieni mimi." Kumbe alilimaliza hivi: alilaza waya juu ya sehemu inayopima mkondo, kisanduku kikawa hakijui tena kama kimezidiwa, kikaendelea kutoa umeme hata pale kinapokaribia kuwaka moto. Aliulehemu kwa donge nene la risasi, kama kawaida yake, na donge lilikuwa limefunika mkia wa saba yangu. Yaani waya uliwekwa baada ya mimi kupima na kuandika.

Kwanza niliwaza ubaya. Nilijua kisanduku kinachochaji simu yake ofisini, na nilijua rezista ya kubadilisha. Wazo hilo nililiacha, wala si kwa wema. Simu ikiungua angenunua nyingine. Nilitaka aungue yeye, tena mbele ya watu walewale.

Kinyozi nikampa kisanduku kipya nilichokitengeneza mwenyewe. Jumapili nikaenda kwa dada na betri, taa mbili ndogo, namba kumi na saba, na kisanduku changu kingine. Tukiwa katikati ya chakula, ndugu wote na mjomba wakiwepo, nikavipanga mezani.

"Shemeji," nikasema kwa adabu zote, "naomba unifundishe kitu. Wewe ndiye Mhandisi."

Nikawasha changu, taa ikawaka. Nikalaza kijiko cha chuma juu ya ncha za nyaya zake za kutolea umeme. Taa ikazima. Kisanduku kikatoa tik, kikanyamaza, kikatoa tik, kikanyamaza. Nikaondoa kijiko, taa ikarudi. Mjomba akasema kumbe ni kitu chenye akili.

Nikahamishia betri kwenye namba kumi na saba. "Na hiki ni cha karakana yako. Laza kijiko."

Akacheka. "Tunakula, Fundi. Mambo ya karakana yaache huko huko."

"Sekunde moja tu, shemeji. Kama ulinzi upo, hakiharibiki kitu."

"Mikono yangu ina mafuta."

"Si umfanyie tu, baba watoto, tuendelee kula," dada akasema. Alipoona mumewe hainui mkono, akachukua kijiko yeye. Kilikuwa kimebakiza upana wa kidole kufika kwenye nyaya shemeji alipomrukia, akapindua bilauri ya maji, akamkamata kiganja.

"Acha, kitawaka moto."

Mjomba aliacha kutafuna. Dada akamgeukia mumewe. "Umejuaje?"

Nikageuza kisanduku, nikawaonyesha wino, waya na donge lililokaa juu ya wino. "Hiki ni kumi na saba," nikasema. "Cha mama kilikuwa kumi na nane." Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kuona jasho likimtoka puani.

"Na kile cha chumba cha watoto?" dada akauliza.

Shemeji akaangalia sahani. Dada akanyanyuka, tukasikia nyaya zikichomolewa kwa nguvu, akarudi na kisanduku akakiweka mbele ya mumewe. "Kifungue. Hapa hapa, kwa mkono wako."

Alianza kwa kisu cha mezani, kikawa kinateleza kwenye skrubu. Nikampa bisibisi yangu. Waya ulikuwemo.

"Taratibu, shemeji," nikamwambia. "Tusije tukalala nje."

Hakucheka mtu.