Mkia wa Anwani

Jumanne asubuhi mfagizi wa ghorofa ya tatu alikuta mlango mpya kwenye korido, kati ya choo na stoo ya karatasi. Aliupangusa vumbi kama alivyopangusa ile mingine, kisha akaenda kumlalamikia meneja kwamba milango inaongezeka na sabuni ni ile ile. Meneja alimwambia avumilie. Ukuta bado ulikuwa na nafasi.

Ofisi hiyo ilitengeneza matangazo yanayojitokeza mtu anapotafuta kitu mtandaoni. Tangazo la aina hiyo ni dogo: kichwa, chini yake anwani ya tovuti, halafu maneno mawili matatu ya kubembeleza. Mwanzo wa anwani lazima uwe wa kweli. Lakini baada ya hapo, nyuma ya kile kistari cha mshazari kiitwacho mkwaju, mwenye tangazo anaruhusiwa kuongeza maneno anayotaka, hata kama ukurasa wa jina hilo haujawahi kuwepo. Watu wa kazi hiyo huyaita maneno hayo mkia. Ukibofya, unapelekwa kwenye ukurasa ule ule ambao kila mtu hupelekwa, mkia uwepo usiwepo.

Mikia yote ya pale iliandikwa na mwanamke mmoja ambaye wenzake walimwita Bi Mkwaju. Alikuwa na kipaji, hilo tusimnyime. Walipojaribu matangazo mawili ya duka moja la magodoro, yanayofanana neno kwa neno, lenye anwani kavu lilipitwa tu, na lenye mkia wa "usingizi-mnono" lilibofywa kama swichi ya taa. Meneja alichora mstari unaopanda, akaubandika juu ya birika la umeme. Wiki hiyo hiyo mlango wa kwanza uliota koridoni. Ulikuwa umeandikwa "usingizi-mnono" kwa rangi ya kijani, na nyuma yake palikuwa na matofali.

Waliobofya walifika. Walipanda ngazi wakiwa na chochote walichokuwa wamekishika: mmoja mswaki, mwingine mfuniko wa sufuria, bwana mmoja shavu moja limenyolewa na la pili lina povu. Waliutafuta mlango wenye maneno waliyoyasoma, wakaufungua, wakaona matofali. Wengi walinung'unika kidogo, wakashuka kurudi makwao. Wenye usingizi wa kweli walilala pale pale sakafuni, na mfagizi akajifunza kupiga deki kwa kuwazunguka. Baadaye ofisi iliweka mabenchi.

"Wenzetu wanaonyesha takwimu," meneja aliwaambia wateja akiwapitisha koridoni. "Sisi tunaonyesha watu."

Mlango wa Jumanne ulikuwa wa muuza matone ya macho. Matone yenyewe yalikuwa maji na chumvi, hayakudhuru wala hayakusaidia. Bi Mkwaju alikuwa ameuandika mkia wake Jumatatu jioni, mbiombio, mkoba tayari uko begani, kwa sababu kesho yake alikuwa na ruhusa ya kumpeleka mama yake hospitali. Mama alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga kazi, na la kulia liliona kama kupitia pazia. Foleni ya operesheni walikuwa wameisubiri mpaka daktari aliyewaandikisha akastaafu. Bi Mkwaju aliandika "daktari-wa-macho", na kwa kuwa nafasi ilibaki, akaongeza mkwaju mwingine na neno "leo".

Asubuhi, akiwa anachana nywele, simu iliita. Alikuwa kaka yake, aliyekuwa akikaa na mama.

"Mama hayupo," alisema kaka. "Aliniomba simu atafute daktari, nikamkuzia maandishi. Nimekwenda kuzima jiko, kurudi, simu iko kitandani, yeye hayupo."

"Amebofya nini?"

"Tangazo la juu kabisa. Alisema kuna daktari leo leo, sasa foleni ya nini?"

Bi Mkwaju alikwenda kazini nywele zikiwa nusu zimechanwa.

Mama alikuwa kwenye benchi lililo mbele ya mlango mpya, amevaa gauni la kulalia na kandambili. Kulia kwake alikaa fundi cherehani aliyeshindwa kutunga uzi kwenye sindano, na kushoto dereva wa lori ambaye siku hizi aliona barabara mbili na kuchagua moja. Mlango hawakuugusa, kwa kuwa kwa daktari mtu husubiri kuitwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe na wewe macho yanakusumbua?"

"Hapa ndipo ninapofanya kazi."

"Alhamdulillahi. Basi daktari unamjua."

"Hakuna daktari, mama. Nyuma ya huo mlango ni matofali. Inuka twende hospitali, watatuita sasa hivi."

"Nani kakuambia hakuna?"

"Haya maneno nimeyaandika mimi."

Mama alicheka, akawaeleza majirani zake wa benchi. "Huyu ni binti yangu. Hawezi kuandika uongo, nimemlea mwenyewe." Fundi na dereva walimpa pole na hongera kwa pamoja.

Bi Mkwaju alimvuta mkono. Mama alilishika benchi kufa na kupona, na mama mzazi humbebi kama gunia mbele za watu. Basi alikwenda kwa meneja kuomba mkia ufutwe.

"Angalia mstari," alisema meneja. Mstari ulikuwa umevuka karatasi na kuendelea ukutani. "Unataka nimwambie mteja nini?"

"Mama yangu yuko pale nje."

"Hongera, dada. Mama yangu mimi hajawahi kubofya hata kazi yangu moja."

Alirudi mezani kwake, akaufuta mkia bila ruhusa, akaandika "maji-ya-chumvi". Koridoni mlango ulisinyaa ukawa wa kimo cha sanduku la mita ya umeme. Ngazi zilinyamaza, hakuna mtu mpya aliyepanda. Lakini waliokwisha kufika hawakuondoka, maana walikuwa wamesoma walichosoma, na dereva alisogeza benchi karibu zaidi ili wasipitwe. Muuza matone alipiga simu akilia. Meneja akaurudisha mkia kwa mkono wake mwenyewe, na mlango ukarefuka tena.

Hospitali, jina la mama liliitwa mara mbili, kisha likaitwa la mtu mwingine.

Mbele ya mlango ule siku haikusogea, kwa sababu mkia ulisema leo. Bi Mkwaju alikwenda nyumbani, akalala, akarudi Jumatano, akamkuta mama yake bado yuko Jumanne. Mama hakuona njaa wala hakuchoka. Kaka yake alileta koti na chupa ya chai, na ile chai haikupoa. Jicho nalo halikuzidi kufifia. Hilo lilimfariji Bi Mkwaju, halafu akajionea aibu kwamba limemfariji. Hospitali walimwandikisha mama upya, mkiani mwa foleni. Ofisini walimpandisha cheo, naye akakubali, kwa sababu chumba cha cheo hicho kiko mkabala na benchi.

Benchi liliongezwa la pili, la tatu, mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Walikuja watu wa macho mekundu na watu wa macho makavu, na msichana aliyezaliwa haoni, ambaye alikuwa amesomewa tangazo na shangazi yake. Wote walisalimiana vizuri. Mfagizi aliwaomba wainue miguu, wakainua.

Siku moja, ambayo kwa mama ilikuwa Jumanne, Bi Mkwaju alitoka chumbani kwake na mama akamtambua kwa viatu.

"Njoo unisomee mlango, mwanangu," alisema. "Herufi zimefanya ukungu, nisije nikawa nimekaa pasipo pangu."

Korido nzima ilitulia kusikiliza. Fundi aliweka sindano yake mapajani. Bi Mkwaju alitazama zile herufi za kijani, ambazo zilikuwa nzuri, zimenyooka, za kuaminika. Alifungua kinywa aseme matofali. Alijua safari hii wangemwamini, kwa kuwa mama mwenyewe ndiye aliyeomba kusomewa. Alijua pia kwamba mama angeinuka na kwenda nyumbani kupofuka.

"Daktari wa macho, leo," alisoma.

Watu walishusha pumzi. Mama alijisogeza kando, akapigapiga benchi kuonyesha nafasi.

"Basi kaa na mimi," alisema. "Tukiitwa, utanishika mkono."