Moto wa Shaba

Mzee Kiyohiko Asaoka alikuwa fundi wa mitungi ya shaba inayopambwa kwa rangi ya kioo, na katika mji wetu wa Shippo hakukuwa na mtu wa kumwambia neno mbele ya tanuri lake. Mkewe, Mitsue, alikuwa akipanga waya: anaukunja kwa kibano, anaubandika juu ya shaba, mpaka maua na ndege waonekane wamezungushiwa kuta nyembamba kama unywele. Mzee anajaza unga wa kioo ndani ya hizo kuta, anachoma. Mimi, mama wa nyumba ya jirani, nilikuwa msuguaji wao. Chombo hutoka motoni kina mabonde na vinundu, nami nakisugua kwa jiwe na maji hadi kiwe laini kama yai.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Chihaya. Waya alijifunza kwa mama yake akingali mdogo, lakini alichokitaka ni moto.

"Baba, nifundishe kuchoma."

"Panga waya kama mama yako. Moto una wenyewe."

Aliomba hivyo miaka na miaka. Mwisho akahamia jiji la Nagoya, akapanga chumba juu ya duka la tambi, akanunua kitanuri kidogo na kuanza kutengeneza mapambo ya fedha: hereni, bizimu za kubana nguo kifuani, vidani. Moto alijifundisha mwenyewe, kwa kuunguza na kurudia.

Mwaka Mpya alikuja na bizimu aliyomtengenezea mama yake, jani la kijani juu ya fedha. Nilikuwepo, nimewapelekea mikate ya mchele. Fedha iliyokuwa chini ya ile rangi ilikuwa inang'aa kama maji yenye jua. Mitsue aliishika kwa viganja viwili. Mzee akaichukua, akaigeuza mara moja.

"Hiki ni kifungo cha shati," akasema.

"Kiangalie kwenye mwanga, baba."

"Nimekiangalia. Vitu vya masikioni na vya kifuani, vya kuuzia wasichana pamoja na pipi." Akakiweka kwenye trei, kando ya figili zilizochachushwa. "Usirudi hapa mpaka uwe na kitu cha kumwonyesha mtu mzima."

Chihaya alinyanyuka taratibu, akaenda kuvaa viatu mlangoni. Mama yake alimfuata hadi barabarani bila koti. Mzee aliendelea kula.

Msimu wa mvua lori lilimgonga Chihaya akiwa juu ya baiskeli, kwenye njia panda karibu na chumba chake. Polisi walipopiga simu, Mzee ndiye aliyepokea. Alisema "ndiyo" mara nyingi, kisha akaweka simu chini, akabaki amesimama anaitazama.

Baada ya mazishi nilikwenda na Mitsue kufungasha vitu vya marehemu. Juu ya meza tulikuta kidani cha fedha, upana wake kama mdomo wa kikombe cha pombe ya mchele. Waya zilikuwa zimeshapangwa zote: mabua ya mpunga, na ndege mmoja, nyangenyange, amesimama kwa mguu mmoja. Rangi ilikuwa bado. Vichupa vya unga wa kioo vilikuwa vimepangwa kando, tayari kwa kazi. Mitsue alikifunga kidani kwenye kitambaa na kukipakata njia nzima. Nyumbani alikiweka mbele ya picha ya bintiye, pale wanapofukiza udi.

Matanga yalipokwisha, asubuhi moja nikiwa nasugua kwenye beseni langu karibu na mlango wa karakana, nilimwona Mzee anaingia karakanani na kile kidani mkononi. Mitsue alikuwa nyuma yake.

"Baba Chihaya, kirudishe."

"Nakimalizia."

"Nani kakuomba?"

"Mtoto wangu hataondoka ameacha kazi nusu."

Mitsue alisimama mlangoni. "Basi tumia unga wake. Aliniambia fedha haivumilii moto kama shaba, na rangi zako za mitungi zinataka moto mkali."

"Miaka yote hii nimekaa na tanuri, leo nifundishwe na vichupa vya dukani?"

Akafungua kopo lake la buluu, ile buluu iliyompa jina. Alijaza kwa uangalifu ambao sijapata kuuona kwake, punje kwa punje, akishusha pumzi kando ili asipeperushe unga. Akakausha, akaingiza tanurini.

Kilitoka na rangi iliyokwaruza kama sukari. Haikuyeyuka. Mzee akaongeza moto, akakirudisha.

"Kitoe," alisema Mitsue kutoka mlangoni.

"Bado."

"Kitoe, Baba Chihaya."

"Nimesema bado. Naijua buluu yangu."

Alipofungua, rangi ilikuwa imeyeyuka vizuri, na fedha pia. Kidani kilikuwa kimebonyea katikati na kujikunja ukingoni. Waya zilikuwa zimezama. Mpunga haukuwepo, wala ndege. Mzee alisimama amekishika kwa koleo hadi kikapoa, na hata kilipopoa hakukiweka chini.

"Nilitaka akione kimekwisha," alisema.

Mitsue hakupandisha sauti. "Yeye alitaka umfundishe. Hakutaka kingine."

Akakitoa kwenye koleo, akakifunga kwenye kitambaa kilekile, akarudi ndani ya nyumba. Tangu siku ile hakukaa tena kwenye benchi la waya. Mzee alijaribu kupanga mwenyewe, lakini vidole vyake vilikuwa vinene na macho yamechoka. Waya zilianguka kabla ya kufika motoni. Mitungi iliyoagizwa haikutoka, na mimi nikakosa cha kusugua.

Siku moja alinijia. "Ongea naye, mama. Wewe atakusikiliza."

"Nimwambie nini, Mzee?"

Aliligeuza jiwe langu la kusugulia, akalirudisha mahali pake, akaniaga.

Nilikwenda hivyohivyo. Nilimkuta Mitsue anamenya maboga.

"Usidhani namkomoa," aliniambia. "Usiku namsikia analia, nami nalia upande wangu. Huruma ninayo, shoga yangu. Mikono ndiyo inakataa."

Majira ya baridi wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja kulichukua tanuri, Mzee alikuwa ameliuza. Lilikuwa zito, na mlango wa karakana mwembamba. Mzee aliwashikia mlango, akawaelekeza wapi pa kuinamisha ili wasijiumize. Gari lilipoondoka Mitsue alimwita ndani wakale. Kulikuwa na wali na supu, na samaki mmoja wa kuchoma, ambaye Mitsue alimtoa miba na kumpa mumewe nusu.