Jumatano Baada ya Chai

Siku niliyogundua kwamba Gathogo wa Ruiru ameniibia programu yangu, sikuweza kukaa. Nilitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, nikarudi, nikaenda tena, na kwa kuwa chumba chetu pale Thika kilikuwa cha hatua sita tu, Firdaus aliniambia nitamtobolea sakafu.

Firdaus ndiye tuliyekodi naye chumba. Upande wake ulikuwa na mashine ya fotokopi. Upande wangu ulikuwa na kompyuta mbili, printa yenye kelele kama kinu cha posho, na kibao kilichoandikwa Kavindu Computer Services. Ilikuwa mwaka 1996. Nilichapia watu barua na kufundisha kompyuta, lakini hizo hazikuwa kazi za kumvimbisha mtu kichwa. Kichwa changu kilivimbishwa na Ratiba.

Ratiba ilikuwa programu ya kupanga vipindi vya shule. Niliitunga mwenyewe kwa miezi kumi na minne. Unaingiza majina ya walimu na masomo, unabonyeza kitufe, unaenda zako kunywa chai, na ukirudi unakuta muhula mzima umepangwa bila mwalimu mmoja kutakiwa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Zamani naibu wa mwalimu mkuu alimaliza likizo nzima kwa kazi hiyo, na bado wiki ya kwanza watu waligombana. Shule kumi na moja zilikuwa nayo. Kila ilipowashwa, kitu cha kwanza kwenye skrini kilikuwa mstari huu: Imetungwa na Kavindu Maluki, Thika. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, sina digrii, sina mume, sina shamba. Nilikuwa na huo mstari.

Sasa mwalimu mmoja kutoka Gitothua alikuwa ameniletea disketi nimchapie ratiba ya shule yao. Nikaiweka, nikaiona Ratiba yangu. Skrini ileile, samawati ileile, maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Ila mstari wa kwanza ulisema: Imetungwa na P. Gathogo, Ruiru.

"Mwizi!" nilisema mwalimu alipotoka. "Huyu nitampeleka kotini. Siku hizi hata programu iko na copyright, sheria ilipitishwa."

Firdaus alikuwa akifotokopi kitabu cha baiolojia, kitabu kizima kutoka jalada hadi jalada, kwa wanafunzi wa Kahawa Wendani. Hakuinua kichwa.

"Hebu washa hiyo mashine yako ingine."

"Ya nini?"

"Washa tu, Kavindu."

Nikaiwasha. Programu ya kuandikia barua ikafunguka na ujumbe wake wa kila siku: leseni hii ni ya Sista Perpetua, wa hospitali fulani ya misheni. Sista mwenyewe hatukumjua. Disketi zake zilikuwa zimetembea mkono kwa mkono miaka mingi, na nadhani nusu ya kompyuta za Thika na Ruiru ziliamka kila asubuhi zikimtaja.

"Mwambie Sista akusindikize kotini," Firdaus akasema. "Atakuwa shahidi mzuri."

"Hiyo ni tofauti. Mimi sijafuta jina lake."

"Ni kwa sababu hujui kulifuta?"

"Ni kwa sababu si yangu! Kukopi ni kukopi, kila mtu anakopi. Lakini kufuta jina la mtu uweke lako, huo ni ushenzi."

"Kuna kampuni mbili huko Amerika," Firdaus alisema, akigeuza ukurasa, "zilishtakiana miaka nenda miaka rudi, eti nani alianza kuweka madirisha kwa screen. Nilisoma kwa gazeti. Kumbe wote wawili walikuwa wamechungulia kwa jirani. Unajua nani alishinda? Mawakili."

Nilimwambia anyamaze. Nilijua ana hoja, na hiyo ndiyo iliyonikera.

Wakili nilimwona, lakini. Aliniuliza kama programu ni kitu cha kushikika. Nikamwonyesha disketi, akaigeuza mbele na nyuma, akasema nimletee kitu ambacho hakimu atakiona kwa macho: alama iliyoko kwenye kazi yangu na isiyoweza kupatikana kwa mtu mwingine ila kwa wizi. Nilitembea na maneno hayo wiki nzima. Usingizi ulinipaa, chakula sikukitaka, wateja niliwafokea. Kisha nikaikumbuka Jumatano.

Ratiba ilikuwa na tabia moja. Hata ungeibembeleza vipi, haikukubali kuweka hesabu siku ya Jumatano kati ya breki ya chai na chakula cha mchana. Kiswahili sawa, jiografia sawa, hesabu hapana. Wakuu wa shule walipowahi kuniuliza, niliwajibu bila kupepesa macho kwamba wataalamu wamechunguza wakaona akili ya mtoto huchoka katikati ya wiki. Wakaitikia kwa kichwa na kuandika kwenye daftari.

Kwa hiyo nikafunga duka siku mbili, nikazunguka. Ruiru, Gitothua, Juja. Popote Gathogo alipouza nilijifanya natafuta nafasi ya binamu yangu kidato cha kwanza, nikasimama mbele ya ubao wa matangazo, nikanakili safu ya Jumatano. Shule sita. Zote sita, Jumatano baada ya chai, hakuna hata kipindi kimoja cha hesabu. Nilicheka peke yangu barabarani hadi mama mmoja akaniuliza kama niko sawa.

Wakati huo wakuu wa shule za pale kwetu walikuwa karibu kukutana Ruiru kuchagua programu moja ya wote, na Gathogo ndiye aliyealikwa kuonyesha yake. Mwenyekiti wao, Madam Idah, alikuwa mama mkali mwenye miwani ya kamba. Nilimwendea, nikamwomba dakika kumi. Akaniambia, "Tano. Na usiniletee vita."

Nilimletea vita. Jumamosi ile niliingia ukumbini nikamkuta Gathogo amevaa tai, kijana mnene mwenye uso wa kupendeza, jambo lililonichoma zaidi. Wakuu wa shule walikuwa kama ishirini. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, nilimwona Mwalimu Ndambuki, naibu wa shule ya kutwa huko Kalimoni, amekuja kwa niaba ya mkuu wake. Nikampungia mkono. Niliwahi kufundisha chini yake miaka miwili, kabla sijasomea kompyuta, na shule yake ndiyo niliyoipa nakala ya kwanza ya Ratiba, bure.

"Bwana Gathogo," nilianza, "hii programu ni ya nani?"

"Aterere, sikia madam, si jina unaliona hapo? Ni yangu."

"Kama ni yako, hebu waeleze hawa walimu. Kwa nini inakataa hesabu Jumatano baada ya chai?"

Hakuyumba hata kidogo. "Ni mambo ya research, madam. Wataalamu waliona katikati ya wiki akili ya mtoto inachoka."

Nikapiga meza. "Mmesikia? Hayo ni maneno yangu! Hakuna research, hakuna mtaalamu, niliyatunga mimi mwenyewe kwa kichwa changu!"

Mtu mmoja akaanza kucheka. Kisha wa pili, na mimi nikasimama pale nikielewa taratibu nilichokuwa nimekisema mbele ya watu ishirini, baadhi yao niliowadanganya mmoja mmoja.

Madam Idah alivua miwani. "Yaani watoto wetu wamekosa hesabu mwaka mzima kwa kitu umetunga? Sasa sababu yenyewe ni gani?"

Sikuwa nayo. Ukweli ni kwamba Ratiba sikuitoa hewani. Nilipokuwa Kalimoni, kila likizo nilikaa kando ya Ndambuki akipanga vipindi kwenye ubao wa mbao kwa vifuniko vya soda, kila somo na rangi yake. Alianza na walimu wenye vipindi vichache, akafuata vipindi viwiliviwili, akimaliza na mashairi na michezo. Kila hatua yake niliiandika, na nilipojifunza kompyuta nikaitia humo moja baada ya nyingine. Vifuniko vya hesabu vilikuwa vya rangi ya chungwa, na sikuwahi kumwona akiweka hata kimoja Jumatano baada ya chai. Nikadhani ni sheria ya kazi.

"Madam Chair," sauti ikatoka nyuma. Ndambuki alikuwa amesimama. "Hiyo Jumatano ni yangu."

Watu wakageuka.

"Ilikuwa siku ya kliniki ya mke wangu, Mbula. Hospitali ya Thika. Shuleni kwetu mwalimu wa hesabu ni mimi peke yangu, kwa hivyo nilijiondolea hesabu hayo masaa. Nikisikia kengele ya chai, namchukua kwa baiskeli hadi barabarani, na tunarudi lunch ikiisha. Miaka mitatu hivyo. Aliaga Agosti ya ninety-four. Huyu msichana alikuja mazishi."

Kweli nilikwenda. Nilimenya viazi, nikalia na wenzangu, nikarudi Thika kuendelea na programu yangu. Jumatano sikuiwaza.

"Mwaka uliofuata akatuletea hii machine yake," Ndambuki aliendelea, na sasa alikuwa akinitazama mimi, si mwenyekiti. "Ratiba ikatoka, nikaona Jumatano yangu imeachwa wazi vilevile. Nikasema, huyu mtoto ana moyo. Ameniachia. Mpaka wa leo siku hiyo naenda nyumbani, napalilia pale amelala, narudi. Sikujua, mwiitu, binti yangu, kwamba kila shule iko nayo. Nilidhani ni mimi tu."

Nilitaka sakafu ya Ruiru inimeze. Ningeweza kusema ndiyo, Mwalimu, nilikuachia. Uongo wa wataalamu wa akili za watoto ulikuwa umenitoka kirahisi. Huu sikuweza kuusema.

"Sikujua, Mwalimu," nikasema. "Niliiga tu ulivyokuwa ukifanya. Sikuuliza."

Aliinamisha kichwa, akaketi. Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

Madam Idah alikohoa, akapiga kalamu mezani. Alisema hapo si kotini na yeye si hakimu, lakini anajua kumtambua mwenye kitu: mwenye kitu anaweza kukitengeneza. "Yeyote kati yenu atakayeleta hii programu ikiwa na hesabu Jumatano, Ijumaa ijayo, ndiye tutaandikiana naye."

Gathogo alitabasamu, lakini nililiona jasho juu ya mdomo. Mtu akipata disketi anaweza kubadilisha maandishi yanayoonekana, kama anayepaka rangi kibao cha duka. Amri za ndani hawezi kuzigusa bila maandishi asilia niliyotungia programu, na hayo yalikuwa kwenye disketi moja tu, ndani ya mkebe wa biskuti chumbani kwangu. Nilikuwa nimeshinda, na kila aliyekuwa na akili pale alijua. Sikusikia raha yoyote. Nilimkimbilia Ndambuki langoni, akifungua kufuli ya baiskeli.

"Nikuondolee nini, Mwalimu? Niambie."

Alifikiri, mkono juu ya usukani. "Watoto wa watu waondolee, wasome hesabu yao. Sisi tuachie."

Kazi yenyewe ilinichukua alasiri moja. Nilifuta sheria ya Jumatano, kisha nikaweka nyingine ndogo: kama jina la shule ni lile la Kalimoni, basi hesabu isikae pale. Halafu nikabaki nimekodolea macho mstari wa kwanza. Nililitazama jina langu muda mrefu hivi kwamba Firdaus alikuja kusimama nyuma yangu, glasi ya chai mkononi.

"Unalifuta?"

"Wacha upuzi. Silifuti."

Chini yake nikaandika: Kwa njia ya Mwalimu J. Ndambuki, Kalimoni. Ijumaa nikaipeleka, Madam Idah akaijaribu mwenyewe kwa madarasa matatu, akatia sahihi.

Mwezi haukwisha. Yule mwalimu wa Gitothua alirudi na disketi nyingine, akisema Gathogo amewaletea toleo jipya, zuri sana, hesabu iko hadi Jumatano. Nakala bila shaka aliitoa kwa shule mojawapo, maana disketi huku kwetu huazimwa kama chumvi. Niliiweka kwenye mashine huku masikio yakiniwaka. Firdaus alikuwa tayari amejipanga kucheka.

Skrini ya samawati ikafunguka. Imetungwa na P. Gathogo, Ruiru. Jina langu alikuwa amelifuta tena, safi kabisa. Nikavuta pumzi kupiga kelele, kisha nikaona mstari wa pili.

La Ndambuki alikuwa ameliacha.

Niliingiza jina la shule ya Kalimoni, nikabonyeza kitufe, nikasubiri. Jumatano baada ya chai ilitoka na Kiswahili, jiografia na kilimo. Nikamwangalia Firdaus, naye akanivutia kiti. Nikakaa chini.