Matayo ni wa Nani?

Mwezi wa kumi, maonyesho ya biashara ya Pazhou, hapa Guangzhou, China, yakianza, mimi huacha kuwa mtu nikawa simu. Wanunuzi wanafika kutoka Dar, Lubumbashi na Nairobi, na wote wanataka mzigo wao uingie kontena moja, lile la Ijumaa linalokwenda bandari ya Nansha, na kila mmoja ananihakikishia kwamba marobota yake ni madogo. Si madogo. Nimepima mizigo ya watu katika mji huu miaka kumi na mitatu, na robota dogo sijaliona. Nina miaka arobaini na miwili. Miguu inanivimba ikifika saa tisa. Na mwaka huu, juu ya hayo yote, nilikuwa natafuta babu wa mtu.

Mtu mwenyewe ni Hugues Asava wa Uvira, Kongo, ambaye alifiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Ananunua suruali za jinzi kwenye soko la nguo la Shisanhang, kisha analeta mzigo ofisini kwangu na kungoja zamu yake bila kelele. Katika kazi yangu mteja asiyepiga kelele ni wa kutazamwa mara mbili. Siku ya kwanza nilipoandika jina lake kwenye robota, nilicheka.

"Asava ni jina la kwetu," nikamwambia. "Wewe umelitoa wapi?"

"Kwenu ni wapi?"

"Vihiga, Kenya. Kwa Wamaragoli."

Akaweka chini kikombe chake. "Donc na sisi ni batu ba kule," akasema. "Papa alitwambiaka. Na tuko Marafiki."

Marafiki ni kanisa letu. Wengine wanatuita Wakweka. Hatuapi, hata mahakamani. Mtu wa kwetu akisema ndiyo amemaliza, hakuna haja ya kushika kitabu. Kumkuta Rafiki hapa Guangzhou, tena mwenye jina la babu wa baba yangu, kulinifurahisha kupita kiasi. Jumapili iliyofuata alikuja sebuleni kwangu tunakokusanyika watu wanne. Nyumbani Marafiki tunaimba na kuhubiri mpaka koo linakauka, lakini hapa jirani aligonga ukuta mara mbili, basi tukarudia desturi ya wazee ya kukaa kimya. Nilikaa kimya karibu na Hugues Jumapili thelathini na tano. Mtu ukikaa naye kimya muda huo wote, unajua kama unamtaka. Nilimtaka, naye alinitaka.

Nikampigia baba yangu. Yeye ni mzee wa mkutano wetu, ndivyo tunavyoliita kanisa la mahali, na ni mtu mwema, lakini kwa mambo ya ukoo hana mzaha.

"Anaitwa Asava?" akauliza. "Na anasema babu yake alitoka hapa?"

"Babu wa baba yake. Matayo. Wanasema alikuwa ndugu yake Elisha."

Nikamsikia akimwambia mtu azime redio.

"Elisha ni babu yangu mimi," baba akasema. "Kama Matayo ni ndugu yake, huyo kijana ni ndugu yako. Hata vipite vizazi saba, Vihenda, kwetu hakuna kuolewa ndani ya ukoo. Unajua."

"Najua, baba."

"Nionyeshe Matayo ni wa nani. Kabla ya hapo siiti wazee."

Kwa upande wa Hugues hakukuwa na katazo lolote. Baba yake, mzee Danieli, alikuwa akifurahi tu. Hadithi ya ukoo wao ameishika kama mtu anavyoshika vyeti vyake vya shule. Mwaka 1928 Elisha na Matayo walitoka Vihiga kwenda Jinja, Uganda, kufyatua matofali. Elisha alirudi nyumbani, Matayo akabaki. Mwanawe Matayo akasogea magharibi mpaka Burundi, akajenga kanisa na shule, akazeekea huko. Mwaka 1972 watu walipouana, mjukuu, yaani huyu Danieli, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda Uvira akiwa na shati moja. Kaka yake Hugues naye yuko Kindu, magharibi zaidi. Na kila walikokwenda waliambiwa neno lile lile: rudini kwenu. Jinja waliambiwa, Burundi waliambiwa, Uvira wanaambiwa hadi leo. Mzee Danieli anajibu kwamba kwao kupo, kunaitwa Vihiga, na siku moja atakwenda.

"Mimi nilichoka kufuata jua," Hugues aliniambia siku moja, "nikakuja kule linatokea."

Alikuwa anatania, lakini aliposema "kwetu Vihiga", sauti yake haikuwa ya utani. Hajawahi kufika, ila anajua jina la kijito cha kule.

Basi nikaanza kutafuta. Karani wa mkutano wetu alinipigia picha kurasa mia mbili na kumi za kitabu cha kumbukumbu, kuanzia mwaka 1924, akanitumia. Nilizisoma kwenye metro, nilizisoma bandarini nikingoja karatasi, nilizisoma mpaka mwandiko wa karani yule wa zamani ukawa unanijia nikifumba macho. Alikuwa amesomea Kiswahili Kisumu, na aliandika kila kitu kwa Kiswahili ili watu wajue kwamba amesoma. Wino ulikuwa wa thamani, kwa hiyo kila muumini ni "R." tu, yaani Rafiki. R. Yona ametoa kuku. R. Marita ameonywa kwa pombe. Nilikuwa namtafuta R. Matayo, na R. Matayo hakuwepo. Ulikuwepo mstari mmoja tu, wa Agosti 1928: "Barua ya safari wamepewa R. Elisha Asava na R. yake Matayo, waende Jinja kwa kazi ya matofali."

Nilimtumia baba mstari ule. Akasema hausemi kitu: Elisha ni Rafiki, Matayo ni Rafiki, na watu wawili wa kanisa moja wanaweza kuwa ndugu au wasiwe. Hugues naye aliusoma hivyo hivyo. Miezi minne tulikaa na mstari mmoja sisi watu watatu, wote tumelelewa kanisani, wote tunajua kusoma.

Aliyeusoma ni Shamsia. Shamsia anatoka Zanzibar, anauza vitambaa na mapazia, na meza yake iko jirani na yangu. Alhamisi ile ya maonyesho tulikuwa tumekaa juu ya marobota tukila wali wa kifurushi. Mwenye duka wa chini alikuwa anabishana na mteja, "meiyou, meiyou", hakuna, hakuna, naye Shamsia akachukua simu yangu bila kuomba, kama kawaida yake.

"Ndo hii barua inayokutoa usingizi, shoga yangu? Hebu nione. 'R. Elisha Asava na R. yake Matayo.' Hii R ni nini?"

"Rafiki."

"Haya. 'Rafiki Elisha Asava na rafiki yake Matayo.' Sasa unatafuta nini tena?"

"Natafuta kama ni ndugu yake."

Shamsia akanitazama jinsi anavyomtazama laoban, mwenye duka, aliyemtajia bei ya kichaa. "Si kimeandikwa hapa? Rafiki yake. Sahibu yake. Mtu na mwenziwe. Kwani nyie kwenu rafiki ni kitu gani?"

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba kwetu Rafiki ni mshiriki wa kanisa. Halafu nikaliona neno "yake". Lilikuwa limekaa pale miaka karibu mia moja. Mshiriki wa kanisa hawi wa mtu. Hakuna R. yake katika kurasa zote mia mbili na kumi. Na ndugu wa damu karani alikuwa akiwaandika waziwazi: R. Yona na nduguye R. Shemu. Tena Matayo mwenyewe, mbele ya jina lake hapakuwa na R. Alikuwa Matayo tu. Sisi tulioizoea herufi ile tangu utotoni tuliiruka kama mtu anavyoruka ngazi ya nyumbani kwake gizani.

Nikaacha wali. Nikarudi kwenye picha, safari hii simtafuti R. Matayo bali Matayo mtupu. Nilimpata wiki mbili kabla ya ile barua, chini ya ukurasa ambao niliudharau kwa sababu juu yake ni habari za paa la jiko.

"Elisha ameomba barua ya safari pamoja na kijana anayekaa kwake. Mkutano umeuliza, Matayo ni wa nani? Elisha amejibu, hajui, wala kijana hajui, alimkuta mdogo kwenye reli Kisumu. Mkutano umeuliza tena, basi aandikwe nani? Elisha amesema, aandikwe rafiki yangu. Watu wamekaa kimya. Imekubaliwa."

Nililia pale pale juu ya mapazia ya watu. Sitaficha, ilikuwa furaha, ya uchovu lakini furaha. Hakuna damu. Ningeolewa. Shamsia akanifuta uso kwa kitambaa cha sampuli na kusema nisimchafulie mali.

Kesho yake saa tano asubuhi, kwao alfajiri, nilimpigia baba nikamsomea yote. Akaniomba nirudie. Halafu akauliza jambo moja, kwa sauti ile ya kikao.

"Kwa hiyo watu hao ni wetu, au si wetu?"

"Hapana, baba. Si wetu."

"Basi mwambie aje. Nitaita wazee."

Hugues alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kutazama kontena likifungwa, hakujua kwamba napiga simu, na baba yangu anapozungumza kwenye simu husikika nyumba ya tatu. Nikamgeukia nikicheka, nikampa simu asome ukurasa mwenyewe. Alisoma polepole. Nilingoja anikumbatie.

"Kwenye reli," akasema.

"Hugues, tunaweza kuoana."

"Nimesikia. Niko na furaha, Vihenda. Kweli." Akakaa kwenye robota, suruali mia mbili chini yake. "Lakini nitaambia Papa nini? Ile jina ya Asava si yetu. Kijito si yetu. Batu banatwambiaka turudie kwetu, sasa tutarudia wapi? Kwa reli?"

Miezi minne nilikuwa nimemwomba Mungu Matayo asiwe wa kwetu, na sikuwahi kufikiri, hata mara moja, kwamba asipokuwa wa kwetu hatakuwa wa popote. Niliona haya. Nilikuwa nimechoka pia, na mtu aliyechoka huona lile lake tu.

Mzee Danieli alipiga simu mwenyewe alasiri, ya video, kwa sababu Hugues alishamwambia kwamba kitabu kimepatikana. Tulikaa ofisini, mlango umefungwa. Uso wa mzee ulijaa kioo chote, karibu mno, nyuma yake ukuta wa bluu. Alikuwa amevaa koti.

"Binti yangu," akasema, "nimeambiwa umemwona Matayo."

"Nimemwona, baba. Ameandikwa."

"Ameandikwa namna gani?"

Nikamtazama Hugues. Alikuwa anatazama mikono yake, wala hakuniomba lolote. Angeniomba, labda ingekuwa rahisi.

"Ameandikwa rafiki yake Elisha," nikasema. Nilisema kweli, neno kwa neno.

Mzee akapiga makofi. "Rafiki! Munasikia kule ndani? Rafiki! Nilibaambia, tangu zamani tuko Marafiki!" Watu wasioonekana wakaitikia, mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Niliinua mkono kumzuia, kumwambia hapana, si Rafiki ile, baba, rafiki hii nyingine. Mkono ukabaki juu. Kwa Kiswahili neno ni hilo hilo moja.

Akasogea karibu zaidi, na sauti ikashuka. "Mimi ni mutu mzee. Batu bananiulizaka kila siku. Sema tu neno moja, binti yangu, nami nitapumuzika. Sisi ni benu?"

Nilifikiria kijana aliyesimama mbele ya mkutano mwaka 1928, hajui mama wala baba, na watu wazima wakaulizana aandikwe nani. Nilimfikiria baba yangu, ambaye hajawahi kunisikia nikisema maneno mawili juu ya jambo moja, na ambaye jioni ile angeanza kuwaita wazee kwa sababu ya neno langu. Hugues alikuwa ameinua uso.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ninyi ni wetu."

Mzee akafunga macho. Akashukuru kwa lugha ambayo sikuielewa, labda ya Burundi. Hugues akanishika mkono chini ya meza, akaushika kwa nguvu mpaka pete ya mama yangu ikaniumiza. Saa tano nilikuwa nimesema hapana, saa kumi nimesema ndiyo, swali ni lile lile. Sisi hatuapi, kwa kuwa neno letu ni moja. Nilikaa pale nikiwa nimechoka kiasi kwamba sikuweza kujua, katika wazee wale wawili, ni yupi niliyemdanganya.