Tangazo la Kifo cha Mzee Kosgei

Ukitaka kujua mtu wa kwetu anafanya kazi wapi, usimuulize. Ngoja afiwe.

Miaka mitatu iliyopita mahakama ya Nakuru iliamuru Kigen, aliyekuwa mume wangu, akatwe mshahara kila mwezi kwa matunzo ya binti yetu Chepkurui. Mshahara upi? Bwana alishavuka mpaka akaingia Uganda, akaapa hana kazi. Sue, karani wa mahakama, alinieleza hadi akachoka: amri inaweza kupelekwa Uganda isajiliwe huko, lakini bila jina la mwajiri, nani atamkata?

Kisha baba yake Kigen, Mzee Kosgei, akafariki kule Rongai. Tangazo likatoka gazetini, na kama desturi, kila mtoto akaandikwa na kazi yake. Nani angekubali jina lake likae tupu katikati ya ndugu zake? “Baba yake Kiprugut (mwalimu mkuu), Sally (muuguzi, Qatar) na Kigen (meneja wa stoo, Lwanika Mabati, Jinja, Uganda).”

Nilicheka hadi wateja wangu wa mitumba hapa Bondeni wakadhani nimerukwa na akili. Halafu nikalia, maana mzee nilimpenda. Machozi yalipokauka nikafunga kibanda, nikaenda mahakamani na gazeti kwapani.

“Mama Chepkurui, hii ni ya leo?” Sue aliuliza.

“Ya leo. Soma hapo kwa watoto.”

Alisoma, akachukua kalamu.

Jioni Kiprugut, kaka yake Kigen, alinipigia. Habari zilishamfikia.

“Jepleting, si ungengoja tuzike mzee kwanza? Hii ni maneno ya familia.”

“Familia gani? Mmeandika wajukuu wote, Chepkurui mkamruka!”

Mazishini nilikaa mstari wa mbele na binti yangu, na hakuna aliyethubutu kutuondoa.

Ilichukua miezi saba, barua zikienda na kurudi, hadi mahakama ya Jinja ikamwandikia mwajiri wake. Mshahara wa kwanza ulipokatwa, Kigen mwenyewe akapiga simu.

“Umeniaibisha kazini! Umetumia kifo cha baba yangu!”

Nilimwacha amalize kufoka, nikamjibu.

“Baba yako alikuwa anauza mahindi kila term analipa fees ya Chepkurui, na alinikataza nisikuambie, eti utasikia aibu. Huyo ndiye alikuwa baba ya mtoto wako, Kigen. Tumemzika. Sasa lipa wewe.”